Jino la Mpiga Tarumbeta

Vienna, 3 Mei 1987

Vito mdogo wangu,

Kristo kafufuka! Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Rosanda, na kwamba ule mguu wake umepoa na anaweza tena kupanda ngazi ya dari. Huku hatujambo. Mwanangu Nenad amepandishwa cheo pale karakana, sasa anavaa koti safi na kutembea mikono nyuma kama meneja. Mchumba wake anakusalimu. Mimi bado ni yuleyule, napiga deki kwa Daktari Pichler, yule mama wa meno, asubuhi kabla wagonjwa hawajaja na jioni wakishaondoka. Miaka kumi na miwili sasa. Magoti yangu yanaijua kila kona ya sakafu ile.

Haya, salamu zimetosha. Nina neno limenikaa kooni tangu nilipopanda basi la kurudi.

Miaka tisa, Vito. Tangu siku ile nilipofika nyumbani nikakuta kaburi la Baba limeshafukiwa, hatukuandikiana hata kadi. Theluji, ulisema. Theluji ilichelewesha telegramu. Mwaka huu nikapiga moyo konde, nikaja Pasaka. Siku ya kwanza ulinikumbatia, ukalia, nikalia, Rosanda akalia, mpaka mbwa akaanza kubweka. Uliahidi mbele ya watu wote kwamba tarehe 20 Septemba, kwenye harusi yake hapo kijijini, utamtoa Nenad nyumbani kwa tarumbeta yako, mjomba wake, kama ulivyonitoa mimi nilipoolewa. Nikasema moyoni, basi, nimempata tena ndugu yangu.

Kisha tukagonganisha mayai ya Pasaka, lisilopasuka ndilo mshindi kama siku zote, na baada ya hapo ukafunga mdomo. Siku mbili nzima ni “mm” na “mhm”. Nakuuliza supu nzuri, “mm”. Nakuuliza utakuja kunisindikiza, “mhm”. Kwenye basi ukanipungia mkono, midomo umeibana chini ya masharubu, hata kutabasamu ukashindwa. Ni lile yai? Lilikuwa utani tu! Nililinunua sokoni huku, yai la marumaru, nikalipaka rangi yangu ya kucha na kulisugua kwa mafuta ya nguruwe ling'ae kama mengine. Wewe ulipokuwa na miaka minane ulinishinda mayai kumi na moja kwa yai la mbao, nami nikaona nikulipe. Nilidhani utacheka.

Kama bado una kinyongo na mimi, sema. Harusi haiwezi kungoja nikisie.

Dada yako,
Leposava


Lipov Do, 24 Mei 1987

Dada Lepa,

Kweli kafufuka! Barua yako nimeipata. Mguu wa Rosanda unaendelea vizuri, jana kapanda dari mwenyewe na kushusha kitunguu chote, kisha akanigombeza kwa nini nilikiacha kikachipua. Baridi ya mwanzo wa mwezi imeunguza maua ya maboga bustanini na nusu ya miplamu, kwa hiyo pombe yetu ya rakija mwaka huu itakuwa ya kuonja tu. Ng'ombe kazaa, ndama jike, ana doa jeupe usoni. Hongera kwa Nenad.

Sina kinyongo, dada. Nilikuwa nimechoka. Yai lilikuwa zuri.

Sasa nina shida ndogo, si yangu, ni ya rafiki yangu mmoja wa kwenye bendi. Wewe unakaa na watu wa meno, labda utamsaidia. Jino lake la mbele, la juu kulia, limemeguka pembe. Kipande chenyewe si kikubwa, kama mbegu ya tikiti. Ukimwona barabarani akiwa kafunga mdomo huwezi kujua. Lakini akipuliza, hewa inachoropoka pembeni, na ncha iliyobaki inamkata mdomo kwa ndani. Sauti za chini anazipata. Za juu hakuna kitu, ni mluzi tu, na unajua kwetu tarumbeta ya kwanza ni za juu. Msimu wa harusi ndio huu. Asipopona nafasi yake itachukuliwa na mwingine, na ameshika nafasi hiyo miaka ishirini na sita.

Zahanati yetu ina dawa mbili za jino, kung'oa na kuvalisha chuma. Daktari wa binafsi mjini anataka alipwe kwa marki za Kijerumani, tena kwa jino moja anataja bei ya baiskeli. Rafiki yangu hana. Kwa hiyo muulize huyo mama kama kuna njia ya mtu wa kawaida.

Alilivunjia kwenye chupa ya bia, akiifungua kwa meno.

Mambo ya harusi tutaongea.

Vito


Vienna, 8 Juni 1987

Vito,

Salamu nyingi, na ndama huyo muiteni jina zuri, msimpe tena jina la mke wa mwenyekiti kama mara ile. Nenad na mchumba wake wanatafuta nyumba ya kupanga, kila wanayoipata ama haina jiko ama bei yake haina haya. Mimi nimevimba kidole kwa sabuni mpya.

Nimemuuliza Daktari Pichler. Ana roho nzuri yule mama, aliketi na mimi jikoni akanichorea jino juu ya bahasha. Mwambie rafiki yako hivi. Kwanza, kile kipande kiko wapi? Kama alikiokota na kukitunza, mara nyingine kinaweza kugandishwa tena mahali pake, na hiyo ni rahisi kuliko zote. Kama hana, kitu cha bei ndogo kabisa ni kulainisha ile ncha kwa msasa wao, dakika kumi, mdomo haukatiki tena. Ila pengo linabaki, na sidhani litamfaa mtu wa tarumbeta. Kinachofuata ni dawa nyeupe, laini kama unga wa kukanda. Wanaijenga juu ya jino, wanaikausha kwa taa ya bluu, wanaichonga. Siku moja tu, bila kusaga jino zima. Haidumu milele, na asitafune mifupa wala kufungulia chupa, mwambie!

Kofia ya dhahabu au ya chuma iwe ya mwisho, amesema hivyo mara mbili. Ili kuivalisha lazima wasage jino zima pande zote, na likishasagwa halirudi. Tena kofia ni nene. Mtu aliyezoea meno yake kwenye tarumbeta atakuwa kama amevaa kiatu cha mwingine.

Na asiguse gundi ya dukani. Kuna mtu alikuja hapa na gundi ya viatu mdomoni, Mungu wangu, sitasema zaidi.

Ni Mikailo, sivyo? Kiongozi huyo wa bendi yenu huwa hawezi kupita chupa akaiacha imefungwa. Mwambie nampa pole na nimemcheka pia.

Umesema mambo ya harusi tutaongea. Nimeshalipia turubai, Vito. Nimeshaagiza kondoo. Neno moja tu nalingoja, na ni dogo.

Lepa


Lipov Do, 12 Julai 1987, Sikukuu ya Mtakatifu Petro

Dada,

Heri ya sikukuu. Tumewasha mienge jana kama kawaida, na Rosanda kaunguza aproni yake mpya, usimwambie kwamba nimekuambia. Kumekauka sana. Ndama tumemwita Šara.

Asante kwa maelezo. Kipande hakipo, alikimeza pamoja na bia kwa mshtuko. Mimi nilimshauri asubiri lakini ana haraka. Kwanza akajaribu nta. Alichukua mshumaa wa kanisani, nta ya nyuki halisi, akaufinyanga kidogo juu ya jino mpaka ukakaa sawasawa. Ukiona hivi utacheka, lakini ilifanya kazi! Mazoezi yalianza, sauti ikapanda juu kama zamani, kila mtu kageuka. Robo saa nzima alikuwa mtu. Kisha mdomo ukapata joto, nta ikalainika, ikateleza ndani ya tarumbeta na kuziba. Walikaa wanaifukua kwa waya hadi jioni.

Baadaye akaenda kwa fundi mmoja mjini, anatengeneza meno ya bandia jikoni kwake, bei nafuu. Akambandika kiraka cha plastiki. Kilikuwa na rangi ya kijivu kidogo, lakini si neno. Jumapili iliyopita, kwenye ubatizo, pigo la tatu la wimbo wa kwanza, kiraka kikaruka kikaangukia kwenye bakuli la supu ya bibi mmoja. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Zahanati wamempangia tarehe 10 Agosti wamvalishe kofia ya chuma. Ni bure, kwa bima. Nadhani atakubali, kwa sababu mtu hawezi kukaa hivi.

Kuhusu harusi. Dada, mimi sitapuliza. Nimekuwa mzee, pumzi si ile. Mchukueni Mikailo, yuko vizuri kuliko wakati wowote, na bei atawapunguzia. Mimi nitakuja, nitakaa mezani kama wageni wengine.

Usichukie.

Vito


Vienna, 20 Julai 1987

Vitomir,

Sina salamu.

Mzee? Una miaka hamsini na moja. Babu yetu alipuliza hadi sabini na tatu. Usinifanye mtoto. Kama hutaki kumtoa mwanangu nyumbani, sema hutaki, lakini usisingizie pumzi. Nilikuja kwako. Mimi, niliyekuta udongo umeshalowa theluji juu ya Baba, ndiye niliyekaa kwenye basi kwa muda wa saa kumi na nne, ndiye niliyegonga mlango kwanza. Ukanikumbatia, ukaahidi mbele ya watu, na sasa unanipa Mikailo kwa punguzo la bei!

Ninalia huku naandika, na hilo nakuambia ulijue. Nenad nimwambieje? Kwamba mjomba wake atakaa mezani kama wageni? Mjomba ndiye mkuu wa msafara, nchi nzima inajua. Kama kati yetu mambo yameisha, basi yaishe, lakini nataka niambiwe kwa mdomo wako na si kwa ujanja.

L.

21 Julai. Sikuituma jana, posta ilikuwa imefungwa, na usiku nimeisoma tena barua yako. Vito. Rafiki yako Mikailo jino limemeguka, hawezi kupuliza, nta imeingia kwenye tarumbeta, kiraka kimeangukia supu. Na ndiye unayenipa apulize harusini, “yuko vizuri kuliko wakati wowote”?

Fungua mdomo, mdogo wangu. Jino ni la nani?


Lipov Do, 2 Agosti 1987, Sikukuu ya Mtakatifu Eliya

Dada Lepa,

Ni langu.

Rosanda ananiambia niandike na salamu, haya, anakusalimu, na amecheka mpaka kashika ubavu kwa jinsi ulivyonikamata. Anasema alinionya tangu mwezi wa tano kwamba mwongo lazima akumbuke jino bovu kampa nani.

Si chupa ya bia. Unajua mwenyewe desturi, mtu hakubali kugongana bila kulikagua yai la mwenzake. Nikakuambia, “Lete nikague.” Ukanipa huku umeuma mdomo kuzuia kicheko. Nikaligonga kwenye meno ya mbele kusikiliza sauti, kama anavyofanya kila mtu, ila mimi siku zote nagonga kwa nguvu kwa sababu najiona bingwa. Nikasikia “tik” ndani ya kichwa. Nilidhani ni yai. Ulimi ukaenda pale, ukakuta wembe. Wote mlikuwa mnacheka, na wewe ulikuwa unacheka kuliko wote, kichwa nyuma, kama zamani kabla hujaenda huko. Miaka tisa sikukiona kicheko kile. Ningefungua mdomo ungekikata palepale, ukarudi Vienna umebeba hatia badala ya keki. Nikafunga mdomo. Nilidhani nakuonea huruma, kumbe nilikuwa nakutesa.

Naogopa, dada. Hilo silisemi hapa kijijini. Nikikosa sauti ya juu mbele ya Nenad, na watu wote wale, na wewe, nitaanguka. Kofia ya chuma ni tarehe 10. Daktari wa zahanati anasema nitazoea. Nimemuuliza kama amewahi kuona mpiga tarumbeta akizoea, akaniambia nisimpotezee muda.

Vito wako


Vienna, 6 Agosti 1987, kwa mkono wa dereva Zdravko

Mjinga wewe, mjinga mpendwa, mjinga wa kwanza hadi Mto Danube!

Nampa Zdravko wa basi barua hii ili ikufikie Jumamosi kabla hujaenda kusagwa. USIENDE TAREHE 10. Nimecheka, nimelia, nimejipiga kichwa. Mimi ndiye nimekuvunja jino, tena kwa rangi ya kucha! Na mimi nikakaa miezi mitatu nanuna kwamba umeninunia.

Nilitaka nikulipie uje huku. Daktari Pichler amesema haina haja, kitu hicho kinafanyika Belgrade kwenye chuo cha madaktari wa meno. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatibu watu, na profesa anasimama nyuma yao. Ni pole pole, utakaa kwenye kiti nusu siku, lakini wana ile dawa nyeupe na taa ya bluu, na gharama yako ni nauli na uvumilivu. Waambie: jino halina maumivu, halijasagwa, nataka kujengewa pembe. Na jambo moja alilosisitiza Daktari Pichler mwenyewe, akanishika mkono: uende na tarumbeta. Wasichonge kwa macho. Wachonge kwa sauti.

Ukiona aibu kuibeba mjini, ifunge kwenye taulo.

Lepa wako, mvunja meno


Lipov Do, 30 Agosti 1987

Dada,

Salamu toka kwa Rosanda, toka kwa Šara anayekula kila nguo tunayoanika, na toka kwangu mimi mwenye meno.

Nilienda Jumanne. Ukumbi ni mkubwa, viti arobaini kwa safu, kila kiti kina mtu kafumbua mdomo. Nikapewa mwanafunzi anaitwa Biserka, binti mwembamba. Akaona taulo.

“Mzee, hicho ni nini?”

“Tarumbeta, binti yangu. Bila hiyo hatutajua kama umemaliza.”

“Hapa hairuhusiwi kupiga kelele.”

“Basi utachonga gizani.”

Akaenda kumwita profesa, mzee mmoja mfupi. Nikajua nafukuzwa. Profesa akaikagua tarumbeta kwanza, jino baadaye. Akasema, “Jenga, mwenzangu. Ukimaliza atapuliza.” Basi Biserka akajenga. Alikuwa anapaka kidogo, taa ya bluu, anapaka kidogo, taa ya bluu, na ulimi wake mwenyewe umetoka nje kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Saa mbili na zaidi. Kisha akanipa kioo, na dada, huwezi kujua lipi ni langu na lipi ni lake.

Nikapuliza. Mashine zote ukumbini zikazimwa. Sauti za kati nzuri. Ya juu ikagoma. Biserka akakaribia kulia. Nikamwambia, “Hapa kwa ndani, ukingo umekuwa mnene, punguza kama unywele.” Akapunguza. Nikapuliza, ikapanda nusu. Akapunguza tena. Mara ya tatu ikatoka, safi, ndefu, nikaishikilia mpaka bibi mmoja kiti cha jirani, pamba imejaa mdomoni, akaanza kupiga makofi. Profesa akasema, “Andika kwenye faili: imethibitishwa kwa sauti.” Biserka alinikumbatia na glovu zake.

Wameniambia litadumu miaka minne, mitano, nikilitunza. Karanga ngumu hapana. Kukagua mayai hapana.

Mwambie Nenad mjomba wake anakuja mbele ya msafara.

Vito


Lipov Do, 4 Oktoba 1987

Dada Lepa,

Natumaini mlifika salama na kwamba ile keki haikupondeka njiani. Turubai limerudishwa, sahani zimerudishwa, pungufu mbili. Rosanda bado analala mchana kwa uchovu. Maharusi wapelekee salamu.

Ulinisikia mwenyewe, kwa hiyo sitajisifu. Nilimtoa Nenad mlangoni, nikapanda na sauti ile, na haikukatika. Ukaja kwangu mbele ya lango, ukanishika shavu, ukasema, “Baba angekusikia leo.” Baada ya chakula sikupuliza tena. Nilikuambia jino linauma. Haliumi.

Nimeandika barua hii mara nne nikachana. Kwa jino nilikuwa na uwongo wa miezi mitatu. Nina mwingine wa miaka tisa.

Hakukuwa na theluji iliyozuia telegramu. Baba alifariki Jumanne alfajiri. Saa tatu asubuhi nilikuwa posta, karatasi nimeshaijaza. Nikasimama kwenye foleni, zamu yangu ikafika, nikageuka nikatoka. Nilikwenda nayo mfukoni Jumanne yote na Jumatano. Alhamisi ndipo nikaituma, na Ijumaa tukazika. Nilijua huwezi kufika.

Nitakuambia kwa nini, ingawa haitanisaidia. Ule msimu wote wa baridi mimi ndiye niliyemwosha, niliyemgeuza, niliyemlisha kwa kijiko. Na yeye kila mlango ukifunguliwa alikuwa anauliza, “Lepa amefika?” Nikiingia na kuni, “Lepa amefika?” Mimi nilikuwa pale, dada. Nilikuwa pale kila siku, na hakuniulizia hata mara moja, kwa sababu nilikuwa pale. Nikasema, angalau kaburini awe wangu peke yangu. Nilikuwa na wivu, kama mtoto, nikakunyima baba yako.

Ulinishika shavu, ukamtaja Baba. Sikuweza kuendelea kupuliza.

Sikuombi chochote. Nimekosa, nimekosa sana, na nimekuwa mwoga.

Vitomir


Vienna, 11 Oktoba 1987

Vito,

Rosanda alale, ameifanyia kazi harusi ile kuliko sisi wote. Keki ilifika. Maharusi wamepata nyumba, ina jiko.

Telegramu yako ninayo. Iko kwenye kopo la biskuti, pamoja na pasipoti. Inaonekana hujawahi kupokea telegramu maishani mwako, mdogo wangu, la sivyo ungejua kwamba juu kabisa, kabla ya maneno yoyote, posta huandika siku na saa mtumaji alipoileta. Alhamisi, tarehe 16 Februari, saa sita na dakika kumi mchana. Na wewe ndani yake umeandika, “Baba kafariki Jumanne.” Niliisoma kwenye treni mara ishirini. Nilijua kabla sijavuka mpaka. Nilipofika ukaniambia theluji, nikakutazama usoni, nikanyamaza.

Kwa hiyo Pasaka hii nilikuja nikijua. Miaka tisa nilikaa nasubiri uniambie, nikikulaani kila Februari. Kisha nikaona nitazeeka nikisubiri, na mwanangu anahitaji mjomba, na mimi nahitaji ndugu. Sikuja kwa sababu nimesahau. Usidhani haiumi, jana nimepiga deki chumba kimoja mara mbili bila kujijua.

Lakini kuna kitu sikukijua hata kidogo. Mimi niliondoka bila baraka yake, unakumbuka alivyosimama uani akanipa mgongo. Miaka yote hii niliamini alikufa amenikasirikia, kwamba jina langu halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Hilo ndilo lililonizuia kurudi, zaidi ya telegramu. Na wewe unaniandikia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kila mlango ukifunguliwa aliniulizia.

Sitakwambia nimekusamehe, neno hilo bado ni kubwa. Nataka kitu kingine. Nataka ule msimu wa baridi wote. Alikuwa anasema nini, kwa sauti gani, alikula nini, alilala upande gani, nani alimnyoa? Wewe peke yako ndiye uliyekuwepo. Andika kila kitu, jaza karatasi pande zote mbili, usinifichie hata alipotukana.

Andika leo, Vito. Usisubiri Alhamisi.

Lepa